DAR HADI NAIROBI NI KILOMITA 665 TU: JINSI SAFARI YA SAA MOJA NA ROBO ILIVYOWAHI KUFUNGWA KARIBU MIAKA SABA

Ukiingia mtandaoni sasa hivi ukatafuta umbali wa ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, jibu linakuja fasta. Uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 665. Muda wa safari ni saa moja na robo, ukichelewa sana saa moja na nusu. Yani unapanda, unapewa soda na kikaranga, hujamaliza hata muvi moja kwenye simu, rubani anakwambia funga mkanda tunashuka.

Kwa barabara habari ni nyingine kabisa. Ukipitia Chalinze, Arusha na Namanga unakula zaidi ya kilomita 800, na unashinda kwenye basi siku nzima. Ndo maana wafanyabiashara wa Kariakoo, wasanii wanaofuata shoo na vijana wenye mahusiano ya mbali, kila mtu anaombea nauli ya ndege ishuke.

Sasa kuna kitu ambacho google haikwambii kirahisi. Hizo kilomita 665 hazijawahi kuongezeka wala kupungua, ila muda wa kuzivuka umebadilika sana, na kuna kipindi haikuwezekana kabisa kuzivuka moja kwa moja. Wakati huo ndege zilikuwepo na marubani walikuwepo. Tatizo lilikuwa watu wazima waliogombana.

Twende taratibu.

ENZI ZA NDEGE ZA MBAO NA KITAMBAA

Tarehe 1 Januari 1946, vita ya pili ya dunia ikiwa imeisha miezi michache tu, serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha shirika moja la ndege kwa pamoja. Likaitwa East African Airways, na makao makuu yakawa Nairobi.

Lilianza na vindege vidogo aina ya Dragon Rapide. Ukiona picha yake utacheka. Injini mbili, mabawa mawili juu na mawili chini, mwili wa mbao uliofunikwa kitambaa, na ndani mnakaa watu nane hivi, magoti yanagusana. Kasi yake ya kawaida ilikuwa kama kilomita 210 kwa saa. Leo kuna madereva wanaikaribia hiyo kasi barabarani usiku, japo hatuwashauri.

Safari yenyewe haikunyooka. Njia iliyozoeleka tangu miaka ya 1930 ilifuata pwani: Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, ndo ufike Dar. Ukijumlisha vipande vyote unapata kama kilomita 750. Gawanya kwa kasi ya kile kindege, unapata saa tatu na nusu ukiwa hewani tu, hapo hujahesabu kushuka na kupaa kila kituo, kujaza mafuta na kusubiri mvua ipite.

Lakini kwa watu wa wakati ule huo ulikuwa muujiza. Kabla ya hapo mtu wa Nairobi anayetaka kufika Dar alipanda treni usiku kucha hadi Mombasa, halafu anasubiri meli. Sasa alikuwa anakunywa chai asubuhi Nairobi na kula chakula cha jioni Dar. Ila tusidanganyane, aliyefaidi hapo hakuwa bibi yako. Abiria wengi walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na matajiri wa biashara.

MUDA UNAANZA KUYEYUKA

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Zikaja Dakota, zile ndege za vita zilizogeuzwa kuwa za abiria. Kwa kasi yake, kilomita 665 ukienda moja kwa moja ni kama saa mbili na nusu. Mwaka 1958 Nairobi ikafungua uwanja mpya wa Embakasi, ambao ndo huu wa leo wa Jomo Kenyatta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaja Fokker Friendship za mapanga, na hapo safari ikashuka hadi kama saa moja na nusu.

Mwaka 1960 shirika likapokea jeti yake ya kwanza, Comet 4. Fikiria vizuri hiyo tarehe. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, Kenya ndo kabisa, lakini ndege yenye jina la Afrika Mashariki ilikuwa inatua London. Mwaka 1966 zikaanza kuingia Super VC10, jeti ndefu yenye injini nne mkiani, moja ya ndege za abiria zenye kasi kubwa kuliko zote za zama zile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaongeza DC-9. Kwa jeti ya namna hiyo, Nairobi hadi Dar hewani ni chini ya saa moja.

Yani ndani ya miaka 25 tu, safari ya saa tatu na nusu na ushee ikawa ya dakika hamsini na kitu. Hakuna kizazi kingine hapa kwetu kilichoona muda ukiyeyuka namna hiyo. Ndege unayopanda leo mwaka huu haikimbii kuliko zile jeti za babu zako. Kasi ilishafika mwisho zamani sana.

NDEGE TANO, NCHI TATU

Hapa ndipo patamu. Baada ya uhuru, nchi tatu ziliamua kuendelea kumiliki vitu pamoja. Mkataba ukasainiwa Kampala Juni 1967, na tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza rasmi, makao makuu Arusha. Reli moja, bandari moja, posta moja, shirika moja la ndege. Makao makuu ya reli na ndege yakawa Nairobi, ya bandari Dar, ya posta Kampala.

Kila ndege duniani ina namba ya usajili, kama gari. Ya Tanzania inaanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X. East African Airways ilikuwa na Super VC10 tano, na zikagawanywa: mbili zikasajiliwa Tanzania, mbili Uganda, moja Kenya. Ndege za shirika moja, rangi zilezile, wafanyakazi walewale, ila kila moja na uraia wake. Kama watoto wa baba mmoja na mama tofauti.

Moja ya hizo tano, yenye usajili wa Uganda, ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 wakati inajaribu kupaa. Watu 43 walipoteza maisha. Zikabaki nne.

Na wakati huo ndani ya nyumba kulikuwa kunafuka moshi.

UGOMVI WA MASUFURIA

Kama umewahi kupanga nyumba moja na washkaji watatu, utaelewa haraka. Anayekaa karibu na jiko ndo anasema gesi ni yake.

Tanzania ililalamika kwamba ndege, karakana na ajira nzuri zote ziko Nairobi. Kenya ikalalamika kwamba yenyewe ndo inabeba mzigo wa kuendesha shirika, wenzake hawaleti hela. Tangu 1966 kila nchi ilikuwa na sarafu yake, kwa hiyo pesa iliyokusanywa Dar au Kampala haikuvuka tena kirahisi kwenda makao makuu. Tiketi inauzwa huku, hela inagandia hukuhuku, mafuta yanadaiwa kule.

Kwenye utalii ndo kulichafuka zaidi. Mzungu alikuwa anatua Nairobi, analala hoteli ya Nairobi, anapanda gari la Nairobi, anaingia Serengeti na Ngorongoro kupiga picha, halafu analala tena Nairobi na kuondokea hukohuko. Tanzania inabaki na vumbi la matairi. Ndo maana mwaka 1971 Tanzania ikafungua uwanja wa Kilimanjaro, KIA, katikati ya Arusha na Moshi, ili watalii watue hapahapa.

Juu kabisa, wakubwa nao hawakukaa meza moja. Baada ya mapinduzi ya kijeshi Uganda Januari 1971, rais wa Tanzania alikataa kukaa kikao na mtawala mpya wa Kampala. Kile chombo cha marais watatu ambacho ndicho kilitakiwa kuamua mambo mazito hakikukutana tena. Shirika la ndege linadaiwa kila kona, na wenye nyumba hawaongei.

Mwanzoni mwa 1977 ikawa basi tena. Januari Kenya ikasajili shirika lake, na tarehe 4 Februari 1977 Kenya Airways ikaanza kuruka. Siku hizohizo za mwanzo wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii yenye namba za Kenya yakazuiwa ndani ya Tanzania, na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa huku nazo zikakamatwa. Watalii wakabaki wameduwaa na mabegi yao. Mwezi Machi Tanzania ikaunda shirika lake, Air Tanzania. Katikati ya mwaka jumuiya yenyewe ikazikwa.

KILOMITA 665 ZINAGEUKA 2,900

Sasa vaa viatu vya mtu wa kawaida wa mwaka 1977. Labda ni binti wa Moshi aliyeolewa Nairobi. Labda ni fundi wa ndege kutoka Mwanza, ameajiriwa karakana ya Embakasi, watoto wanasoma shule za hapo. Jumapili analala akiwa mfanyakazi wa Afrika Mashariki, wiki hiyohiyo anaamka mgeni.

Ukitaka kutoka Nairobi kwenda Dar bila kuvuka moja kwa moja, lazima upite nchi ya tatu. Chukua ramani uone. Nairobi hadi Addis Ababa ni kama kilomita 1,160. Addis hadi Dar ni kama kilomita 1,750. Jumla unakaribia kilomita 2,900, yani zaidi ya mara nne ya safari halisi, na umeanza kwa kwenda kaskazini wakati unakokwenda ni kusini. Ukisema upitie Lusaka ndo umejimaliza, inafika kama kilomita 3,300. Weka na kulala njiani kusubiri ndege ya kuunganisha, weka viza, weka nauli ya safari mbili za kimataifa. Mshahara wa nani ungetosha?

Mwenye hela alizunguka. Asiye na hela aliandika barua, akapokea habari za msiba wakati arobaini imeshapita. Na wengine, kama kawaida ya mipaka ya Afrika, walipita njia za panya kule Rombo na Horohoro, maana ukoo wa Mchaga au Mdigo haukuwahi kusoma hiyo ramani.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka saba. Mtoto aliyezaliwa mpaka unafungwa alishaanza shule ulipofunguliwa. Novemba 1983 marais wa nchi tatu walikutana Arusha wakakubaliana namna ya kugawana mali na madeni ya jumuiya iliyokufa, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wenyewe wa mgawanyo ulisainiwa Mei 1984: Kenya ikachukua asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Dakika hamsini hewani zikarudi kuwa dakika hamsini.

WALIOLIPA BILI

Marais waligawana asilimia, lakini fundi wa Embakasi na mhudumu wa ndege hawakula asilimia. Walirudi makwao na masanduku, wakisubiri mafao. Kama ulikuwa unaangalia taarifa ya habari miaka ya 2000 na hata baada ya 2010, utawakumbuka wale wazee waliokuwa wanaandamana Dar es Salaam, wengine na fimbo za kutembelea, wakidai malipo yao. Kwenye habari waliitwa wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Madogo wengi tulikuwa tunabadilisha chaneli tutafute muziki.

Wale wazee walikuwa wanadai miaka waliyofanya kazi wakati wewe hata baba yako hajabalehe. Wapo waliofariki kabla ya kuona hela. Hiyo nayo ni sehemu ya hesabu ya kilomita 665, sema haiandikwi kwenye tiketi.

Na zile Super VC10 nne? Zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi la anga la huko, kazi yake ikawa kujaza mafuta ndege nyingine zikiwa angani. Zilipiga kazi miongo mingi. Septemba 2013, VC10 zilipofanya safari zao za mwisho kabisa duniani, mbili zilizofunga pazia zote zilikuwa zile zilizowahi kubeba namba za 5H. Yani shirika lilikufa 1977, lakini zaidi ya miaka thelathini baadaye ndege zake zenye asili ya Tanzania zilikuwa bado zinaruka, zikitumikia mtu mwingine. Ukitaka kujua tulichopoteza, anzia hapo.

USISEME NI YA ZAMANI

Unaweza kusema hayo ni mambo ya wazee, sasa tuna jumuiya mpya. Ni kweli, mkataba mpya ulisainiwa Arusha Novemba 1999 na ukaanza kazi Julai 2000. Lakini angalia vizuri.

Agosti 2020, wakati wa corona, Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatawekwa karantini, jina la Tanzania halikuwemo. Tanzania ikajibu kwa kuzuia ndege za Kenya Airways. Njia ya saa moja na robo ikafungwa tena kwa shirika hilo hadi Septemba, baada ya Kenya kuiongeza Tanzania kwenye orodha.

Januari 15, 2024 ikaja nyingine. Tanzania ilitangaza kwamba kuanzia Januari 22 Kenya Airways haitaruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar, kisa Kenya ilikataa kuipa ndege ya mizigo ya Air Tanzania ruhusa ya kuchukua mzigo Nairobi na kuupeleka nchi nyingine. Safari hii simu zilipigwa haraka. Siku moja tu baadaye mambo yakamalizwa, zuio halikuwahi hata kuanza. Hapo tumekua kidogo. Mwaka 1977 hakuna aliyepokea simu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza Dar hadi Nairobi ni muda gani, jibu sahihi ni saa moja na robo, kama wakubwa wanaongea. Wakinuniana, inaweza kuwa siku mbili kupitia Addis, au isiwepo kabisa.

Na kuna kitu kimoja kitamu kwa atakayebahatika kupanda. Hivyo viwanja viwili vimebeba majina ya marais wawili waliokuwa madarakani nyumba ilipovunjika 1977. Cha Nairobi kilipewa jina la Jomo Kenyatta 1978, cha Dar kikapewa jina la Julius Nyerere 2006. Kila siku watu wanatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, wanapiga selfie, hawana habari.

Ukitokea Nairobi kaa dirishani upande wa kulia. Dakika kama kumi na tano au ishirini baada ya kupaa, mawingu yakikubali, utauona Kilimanjaro umesimama na barafu yake kileleni. Mpaka unapita hapohapo chini, na ukiwa juu huuoni, hakuna mstari, hakuna geti, ni mbuga na mashamba tu yanaendelea.

Kama nyumbani kuna mzee au bibi aliyesafiri au kufanya kazi miaka ile, mpigie leo umuulize alikuwa wapi mpaka ulipofungwa. Hao ndo wanaojua huo umbali kweli.